Nyumba ya marehemu baba huko Katuba: je, bei zimeshuka kweli?

Mtoto wa Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, ninaomba maoni yenu kabla familia yetu haijakosea. Marehemu baba alituachia nyumba Katuba, mojawapo ya komine (wilaya) za mji wetu, kwenye kiwanja cha kona, yenye vyumba vinne vya matofali ya kuchoma yaliyofinyangwa kwa udongo wa kichuguu, pamoja na mwembe mkubwa katikati ya ua. Watoto tuko sita, wawili wanaishi Kolwezi, na wote tumekubaliana kuuza.

Kinachotusumbua ni bei. Komisioneri wa kwanza, yaani dalali wa nyumba, alitutajia dola 45000. Wa pili alikuja baada ya miezi mitatu, akapima kiwanja kwa hatua za miguu bila kutoa kamba ya kupimia, akautazama mwembe na kusema kwamba huo utakatwa, kisha akatamka dola 28000, akieleza kwamba soko limeanguka tangu serikali ilipositisha kuuza madini ya kobalti nje ya nchi mwezi wa pili wa mwaka 2025. Jirani yetu anasema kinyume kabisa: shaba imepanda, kwa hiyo tungoje, nyumba nazo zitapanda. Nani kati yao anasema kweli, na mtu wa kawaida anaijuaje bei halisi ya nyumba katika mji huu?

Mkaaji wa Kalubwe

Mdogo wangu, wote watatu wamegusa jambo la kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyekuambia bei ya nyumba yenu.

Katika mji huu kuna masoko mawili, na watu huyachanganya. Lipo soko la nyumba kubwa za mtaa wa Golf na za katikati ya mji, ambalo hufuata migodi karibu hatua kwa hatua, kwa sababu wapangaji wake ni makampuni na wageni wanaofanya kazi za madini. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 humpa Mkongomani peke yake haki ya kudumu juu ya kiwanja, na mgeni hupewa haki ya muda usiozidi miaka 25, ingawa inaweza kurudishwa upya. Ndiyo maana wageni wengi hupanga badala ya kununua, na mgodi ukitetereka, kinachoanza kushuka ni kodi ya nyumba, si bei ya kuuzia. Sisi tuliokuwa hapa mwaka 2008 tuliyaona hayo kwa macho. Mwezi wa saba tani ya shaba ilikuwa inakaribia dola 9000, na mwezi wa kumi na mbili ilikuwa imeanguka chini ya 3000. Wageni waliondoka, malango yakafungwa kwa minyororo, na wenye nyumba waliokuwa wakidai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo wakaanza kukubali ya mwezi mmoja mmoja.

Katuba haiko katika soko hilo. Anayenunua Katuba ni mfanyabiashara wa sokoni, mwalimu aliyeweka akiba miaka mingi, mzee aliyepokea malipo ya mwisho wa kazi, au kijana aliye ng'ambo anayemjengea mama yake. Huyo hanunui kwa mkopo wa benki. Hununua kwa noti alizonazo mkononi. Kwa hiyo habari za kobalti zinamfikia, lakini zinafika zimechelewa na zimepungua nguvu: hupunguza idadi ya watu wenye fedha taslimu, na nyumba hukaa muda mrefu zaidi bila mnunuzi, huku bei inayotajwa ikibaki palepale kwa sababu hakuna muuzaji anayependa kuwa wa kwanza kushusha. Isitoshe, faranga yetu ilipopata nguvu mwaka 2025, kutoka zaidi ya 2800 kwa dola hadi chini ya 2500, wenye dola waliona fedha zao zikinunua simenti kidogo kuliko zamani, nao wakawa wagumu zaidi katika mapatano.

Ninakushauri uache kuuliza bei inayoombwa. Tafuta watu watatu au wanne waliouza katika avenyu yenu au ile ya pili ndani ya mwaka mmoja uliopita, uwaulize ni fedha ngapi zilihesabiwa mezani, na walingoja miezi mingapi. Komisioneri wa kwanza alitaja bei kubwa ili mumkabidhi kazi. Wa pili alitaja ndogo, pengine kwa sababu mnunuzi anaye tayari.

Mama wa Hati

Kaka, nimesoma swali lako mara mbili na sijaona neno hata moja kuhusu hati. Nimefanya kazi ya kuandaa makaratasi ya mauzo kwa miaka kadhaa, na ninakuhakikishia kwamba tofauti kati ya 45000 na 28000 inaweza kutoka katika bahasha ya makaratasi tu, bila shaba wala kobalti kuhusika.

Ardhi ni mali ya serikali. Mnachouza ni nyumba na haki mliyonayo juu ya kiwanja, na haki hiyo huthibitishwa na sertifika ya usajili peke yake. Karatasi ya komine au mkataba uliotiwa sahihi mbele ya mashahidi ni mwanzo wa safari, haujafika mwisho. Mnunuzi makini akiona hakuna sertifika, anakata kwenye bei gharama zote za kuitafuta, kisha anakata tena kwa ajili ya woga wake.

Na mama yenu je, yuko hai? Watoto ni warithi wa kwanza, wana robo tatu ya mirathi, lakini Kanuni ya Familia humpa mjane fungu katika robo inayobaki, na pia haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Ikiwa ndoa yao ilikuwa ya mali ya pamoja, sehemu yake hutengwa kwanza, kabla hata ya kuzungumzia mirathi. Nimewahi kuona mauzo yaliyokamilika, fedha zimekwisha kugawanywa na kutumika, yakavunjwa kwa sababu sahihi moja ilikosekana. Umeona kuta ngapi mjini zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi? Nyuma ya nyingi kati ya hizo kuna familia iliyogawanyika.

Mtoto wa Katuba

Asante, dada. Mama yuko hai na anaishi katika chumba cha nyuma. Tulipokubaliana sote sita, ninakiri kwamba yeye tulimwarifu tu, hatukumwuliza. Kuhusu hati, tunayo karatasi ya zamani ya komine yenye jina la baba, na mkataba alionunulia. Sertifika sijawahi kuiona.

Fundi wa Kenya

Mimi ni mwashi wa komine ya Kenya hapa Lubumbashi, sina mengi. Kiwanja cha kona usikiuze kwa bei ya kiwanja cha ndani, kwa sababu mnunuzi atajenga vibanda viwili vya duka upande wa barabara kabla ya kupaka nyumba rangi. Wengine hukata kiwanja na kuuza nusu, na mara nyingi nusu mbili huleta zaidi ya kizima, maana wenye fedha kidogo ni wengi kuliko wenye fedha nyingi. Hapo mama angebaki na chumba chake. Na mwembe msiukate ninyi. Mnunuzi aukate mwenyewe akitaka.

Mama wa Hati

Shauri la fundi ni zuri, lakini kugawanya kiwanja bila sertifika ni kuzaa matatizo mawili badala ya moja. Anzeni na msimamizi wa mirathi: ni mkubwa wenu au yule mtakayemteua, na mahakama humthibitisha. Yeye ndiye atakayefuatilia sertifika, na mpimaji wa kadastri, yaani ofisi ya upimaji wa viwanja, atakuja kuhakikisha mipaka kwa vifaa, si kwa hatua za miguu.

Mtoto wa Katuba

Mkubwa wetu yuko Kolwezi, atafika mwisho wa mwezi. Je, nianze kwenda kuuliza kadastri peke yangu, au nimngoje?

Mama wa Hati

Kuuliza ni bure, nenda. Beba nakala ya cheti cha kifo, karatasi ya komine na ule mkataba. Asili zake ziache nyumbani kwa mama. Na kabla ya kutoka, kaa naye kwanza, umwulize lile ambalo hamkumwuliza.