Mnada wa bunduki za kale: "mshindi" amekimbia, na bei aliyoipandisha tunaambiwa tuilipe sisi

Ndugu wanajukwaa,

Naandika kutoka Tanga nikiwa na hasira ambayo siku nne hazijaipunguza. Mimi na mpwa wangu aishiye Uingereza tulishiriki mnada wa mtandaoni wa kampuni moja ya huko, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa mgogoro wetu nayo haujamalizika. Tuliwania kitu kimoja tu: bunduki ya Mauser ya muundo wa mwaka 1871, ya risasi moja moja, yenye mtutu wa kipenyo cha milimita 11 na inayotumia baruti nyeusi. Ni aina waliyokuwa nayo askari wengi wa upande wa Wajerumani katika mapigano ya hapa Tanga mwezi Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na moshi wake ulikuwa ukimwonyesha adui mahali hasa alipojificha mpigaji. Isingeletwa huku, ingebaki kwa mpwa wangu, kwa sababu sheria za Uingereza zinaruhusu silaha ya kale ya namna hiyo kuwekwa nyumbani kama kumbukumbu, ilhali kuingiza silaha nchini kwetu ni habari nyingine kabisa. (Muuzaji alidai kwamba ilipigana Raskazone, hapa hapa Tanga, bila karatasi hata moja ya kuthibitisha, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine.)

Utaratibu wa mnada wenyewe ni huu: unaandika kwa siri kiwango chako cha mwisho, na mfumo unakupandishia dau kwa hatua ya pauni 20 pale tu mtu mwingine anapokufikia. "Mjomba, andika cha mwisho ulale," mpwa wangu aliniambia, nami nikaandika pauni 900. Mshindani wetu wa pekee alikomea 460, sisi tukasimama kwenye 480, zikiwa zimebaki siku tatu.

Usiku huo, baada ya saa 7, akaingia mtu ambaye jina lake limefichwa kwa nyota. Aliweka 500, mfumo ukatupandisha hadi 520. Akaweka 540, ukatupandisha hadi 560. Akaendelea hivyo hivyo hadi akaweka 900, na kwa kuwa sisi ndio tuliotangulia kukiandika kiwango hicho, dau likabaki letu. Akaongeza 920, akatupita, akanyamaza. Ni madau 12 ndani ya dakika 9. Mnunuzi anayejua anachokitaka huandika kiwango chake mara moja, au hujificha hadi sekunde za mwisho ili asiwaamshe wengine. Huyu alikuwa akipapasa gizani kutafuta mfuko wetu unaishia wapi, na alipoupata alijikwaa akapita kwa hatua moja. Nakiri kwamba hata mgeni wa minada mwenye pupa anaweza kufanya vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo sikulalamika usiku ule. Nilipofungua kumbukumbu za madau yake ndipo nilipokosa subira: ameshindania bidhaa 31 za muuzaji huyo huyo, na hakushinda hata moja kabla ya hii, kana kwamba kazi yake ni kumpandishia muuzaji bei tu.

Siku mbili baada ya mnada kufungwa tukapokea barua ya upole mno, ikisema kwamba mshindi ameshindwa kukamilisha malipo, na kwamba sisi, tukiwa wa pili, tunapewa "nafasi ya upendeleo" ya kuichukua bunduki kwa dau letu la mwisho, yaani pauni 900. Upendeleo gani huo? Mtu ambaye hakulipa hakuwa mnunuzi, na dau lake halikuwa dau. Ukiyafuta madau yake yote 12, tunarudi kwenye 480, bei iliyotokana na ushindani wa mtu halisi. Kampuni inatoza pia asilimia 25 juu ya bei, kwa hiyo badala ya pauni 600 tunatakiwa kulipa 1,125. Pauni 525 zinatoka mfukoni mwetu kwa ajili ya kivuli, na kampuni nayo inapata kamisheni ya kivuli hicho.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1979, kifungu cha 57, inamkataza muuzaji kujiwekea dau au kumtuma mtu amwekee, isipokuwa kama alitangaza mapema kwamba amejihifadhia haki hiyo. Akikiuka, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Muuzaji anayeogopa kupata hasara ana njia halali ya kuweka bei ya chini ambayo mali haiuzwi bila kuifikia. Huyu hakuiweka.

Wapo niliowasimulia faraghani wakanijibu kwamba kosa ni langu, ningengoja sekunde za mwisho. Nawaheshimu, lakini mnada huu huongeza dakika tano kila dau jipya linapoingia mwishoni, hivyo ujanja huo hausaidii kitu. Tena, kwa nini aliyeibiwa ndiye afundishwe kufunga mlango? Pale soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, dalali anaponadi samaki, anayepandisha bei namwona kwa macho yangu, na akishindwa kulipa hakuna anayenigeukia mimi na kuniambia nilipe bei aliyoitaja yeye.

Tumeijibu kampuni kwamba tuko tayari kulipa 480 pamoja na asilimia zake leo hii, na tumeomba maandishi yanayoonyesha kama akaunti ya "mshindi" ina uhusiano wowote na muuzaji na kama imefungiwa. Hadi sasa tumepata ujumbe mmoja tu wa kwamba malalamiko yamepokelewa, na ukumbusho kwamba "upendeleo" unakwisha Ijumaa. Aliyewahi kufanikiwa kulazimisha kampuni ya mnada iyafute madau ya namna hii naomba anieleze alianzia wapi.