504 ya Mzee

Kikundi: Watoto wa Mzee, Chang'ombe

Juma: [picha]
Nimetoa turubai leo. Peugeot 504 ya Mzee hiyo. Bodi ipo ipo, ila milango kwa chini kutu imekula, na sakafu ya dereva unaona ardhi. Kesho naazima betri kwa jirani tuliwashe.

Shangazi Zuhura: Limekaa hapo tangu enzi za namba za TZ. Waiteni wa vyuma chakavu walipime kilo, hela tufanyie khitma.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Kwa kilo jamani? Si ndilo lililotutoa sote hospitali na makanga ya Mama?

Shangazi Zuhura: Marahaba. Na mimi lilinipeleka ukumbini siku ya harusi. Halinilipii luku.

Baba Mdogo: JUMA USITHUBUTU KULIWASHA

Juma: Shikamoo Ba'mdogo. Kwani vipi?

Baba Mdogo: Marahaba. Ringi za pistoni zimeshika kwenye laina hizo, kuta za silinda. Ukilazimisha kwa starta unavunja ringi na laina unaichana. Fungua plagi zote nne, mwaga oili kidogo kila tundu, uache hata wiki. Halafu zungusha kwa mkono, spana kwenye puli ya krenki. Ikizunguka bila kukwama ndiyo tuongelee betri.

Baba Mdogo: Na petroli iliyobaki tangini imeshakuwa gundi. Tangi lishushwe lioshwe, kabureta ifunguliwe. Breki hata usiulize.

Saidi: Mnajitesa. Shusheni hiyo injini, pachikeni ya Toyota, pale Gerezani Kariakoo zimejaa. Spea za Peugeot mtazitoa wapi mjini hapa?

Baba Mdogo: Saidi mwanangu, propela ya hilo gari, shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, iko ndani ya bomba mpaka kwenye difu. Siyo pikapu ya kukata na kuchomelea. Halafu injini yenyewe laina zinachomoka. Zikiisha unatoa, unaweka nyingine na pistoni zake, bloku haiendi kwa mkerezaji.

Baba Mdogo: Lilishinda Safari Rally 1975 hilo, kwenye matope ya Kenya. Wakenya wenyewe walikuwa wanayaunganisha kwao. Nitaulizia Mombasa na Nairobi.

Saidi: 🙌🏾 Haya, nimenyamaza.

Shangazi Zuhura: Hajanyamaza huyo.

Rehema: Kabla ya spana kuna karatasi. Kadi ina jina la Baba, na TRA hawahamishi umiliki bila barua ya usimamizi wa mirathi. Kile kituo cha mambo ya familia hapa Temeke wanaanzia na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Baadaye tangazo, ndipo msimamizi apewe Fomu namba IV, ndiyo hiyo barua ya usimamizi. Tukitengeneza kwanza, kesho mtu anadai fungu lake na gari limeshameza hela za wengine.

Juma: Anayedai fungu nani?

Rehema: Sijataja mtu.

Saidi: Ujumbe huu umefutwa

Shangazi Zuhura: Nimeusoma.

Baba Mdogo: Basi msimamizi awe Rehema. Kikao Jumapili baada ya alasiri. Juma, kazi yako oili kwenye plagi tu, basi. Nami nitapitia Shaurimoyo niulize bei ya gasketi.

Juma: Sawa. Tangi nalipia mimi. Nitaanza kulitoa nyuma huko kesho asubuhi.

Mama: Asifungue mtu buti. Tetea wangu amelalia humo tangu juzi, mayai kumi na moja.

Juma: Mama 😂

Baba Mdogo: Siku 21 hizo. Tuanze na mahakama.