Naombeni ushauri: transfoma ya kVA 200 niibadilishe iwe 315 au 500?

Mpangalaini: Wakuu, salama? Ninapanga laini za usambazaji. Nina transfoma ya kVA 200 (kVA ni kipimo cha uwezo wake) kwenye mtaa uliojaa sola za paa, na sasa magari ya umeme yanaingia. Malalamiko hayaishi, mwisho wa laini nimepima hadi volti 256. Niweke 315 au niruke moja kwa moja hadi 500? Nisaidieni, jibu linahitajika haraka.

Bwana Nguzo: Weka 500 ulale usingizi. Chaja moja ya nyumbani inavuta kilowati 7, karibu ampea 32 kwenye fezi moja, yaani waya mmoja kati ya mitatu ya moto ya laini. Wakirudi kazini wote wakachomeka kwa pamoja, hiyo 200 haitoboi.

Dada Ampea: Mpangalaini, malalamiko gani na ya saa ngapi? Mbona hilo umeliruka?

Mpangalaini: Inveta, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uwe wa nyumbani, zinajizima. Kuanzia saa tano hadi saa nane mchana.

Dada Ampea: Mchana! Sasa transfoma kubwa itakusaidia nini? Saa hizo umeme unatoka kwenye mapaa kurudi kwenye transfoma, na waya mwembamba wenye ukinzani mkubwa ndio unaopandisha volti kule mwisho. Tepu, ile swichi ya transfoma ya kupandisha au kushusha volti, iko ngazi gani?

Mzee wa Laini: Sisi yalitukuta. Kumbe mafundi walikuwa wamefunga karibu sola zote kwenye fezi moja, kisa ndio waya uliokuwa rahisi kuufikia. Tulizigawa upya fezi zote tatu, volti ikatulia bila kununua kitu. Kagua fezi kwanza, kijana.

Raia Mwema: Mnawahimiza watu waweke sola, wakishaweka mnawazimia. Si haki. Anayekaa mwisho wa laini ndiye anayezimiwa kwanza, wa karibu na transfoma anauza umeme hadi jioni.

Haniingii: Hii chai wakuu. Kwenye volti 230 kikomo ni asilimia 10 juu, yaani 253. Kwa 256 inveta zingekuwa zimeshazima zamani. Huyu ni mwanafunzi anatafutiwa majibu ya mtihani.

Mpangalaini: Si chai. Inveta nyingi zinaangalia wastani wa dakika 10, ndiyo maana kwenye rekodi naona 251, 254, 256, halafu ghafla 244 zikizima. Zikiwaka tena, volti inapanda upya. Na tepu, ndiyo, tuliipandisha ngazi mbili, asilimia 5, kwa sababu usiku mwisho wa laini ulikuwa unashuka hadi 203. Nikiirudisha, wa usiku wanaumia. Halafu ombi la 500 nimeshalipeleka juu. Mzigo utakuja tu, pampu za joto nazo zinakuja, sioni hasara yake.

Dada Ampea: Hapo sasa tunaongea. Usiku unataka volti ipande, mchana unataka ishuke, na tepu ya kuzungushwa kwa mkono umeme ukiwa umezimwa haiwezi yote mawili. Tafuta transfoma yenye tepu inayojirekebisha ikiwa kazini, hata ikiwa ya kVA 200 ileile. Sambamba na hilo, sogeza kuchaji magari kuwe mchana: mzigo uleule unaokuua usiku ndio utakaomeza sola. Inveta zikimeza riaktivu, ule umeme unaokwenda na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi, zitasaidia kidogo tu, maana kwenye laini ndogo ukinzani ndio unaotawala. Jimbo la South Australia, kule Australia, wana utaratibu wa kikomo kinachobadilika: nyumba inaruhusiwa kusukuma hadi kilowati 10 laini ikiwa na nafasi, inashushwa hadi 1.5 ikijaa. Raia Mwema, hiyo ni afadhali kuliko kuzimiwa kabisa.

Haniingii: Sawa, nimekuelewa kwa hiyo rekodi. Lakini weka volti za kila fezi, si ya fezi moja.

Mpangalaini: Nina ya fezi moja tu. Nitapima zote tatu, kwenye transfoma na mwisho wa laini. Ombi la 500 siliondoi, ila nitaomba lisubiri vipimo.

Bwana Nguzo: Pima na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Fezi zikiwa hazijalingana, yeye ndiye anayebeba tofauti.