Tupeane uzoefu: siku futari au mfungo ulipokusuta

Mama Wawili
Assalaam alaikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Kila mmoja aitikie ya kwake. Jana alasiri nilisimama Buguruni kununua magimbi ya futari, nikamng'ang'ania muuzaji anipunguzie shilingi 500 kwenye fungu. Yule bibi, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa huku amejitanda kanga kujikinga na jua, alikubali, ila akaniambia kwamba naye amefunga. Hatua chache mbele nikanunua boksi la tende kwa bei iliyobandikwa, wala sikusema neno. Nilipofungua mfuko nyumbani nikakuta ameniongezea gimbi moja. Tupeane uzoefu: ni lini chakula kilikusuta kwa sababu ya aliyekilima, aliyekiuza au aliyekipika?

Kinyozi wa Tandika
Umenigusa, dada yangu. Mimi pia humkaba maskini kwenye bei, kisha nikamlipa tajiri bila kunung'unika.

Mlango wa Nyuma
Nilikulia Tanga, na kila Iddi ya kuchinja tulipanga foleni nyuma ya nyumba za wenye uwezo, mikononi tumeshika mifuko ya rambo. Madrasa tulifundishwa kwamba inapendeza nyama igawanywe mafungu matatu: la mwenye kuchinja, la jamaa na la maskini. Fungu letu lilikuwa shingo na utumbo, na paja nililiona kwa macho yangu likiingia kwenye friza. Mwaka jana nilichinja mbuzi wangu wa kwanza, nikaanza na paja, nikampelekea mlinzi wa jirani. Mke wangu hakunisemesha hadi magharibi.

Msabato wa Musoma
Sisi hatuli kambare kwa kuwa hana magamba, na Walawi 11 iko wazi. Jambo linalonisuta ni kwamba sijawahi kuuliza kama vijana wanaovua sato ninaowala hulipwa kwa haki.

Chuma cha Moto
Mwaka 2013 Waislamu na Wakristo wa Geita na Mwanza waligombania nani achinje hadi damu ikamwagika, lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza mchinjaji mwenyewe analipwa shilingi ngapi.

Mama Wawili
Ndugu yangu, kidonda hicho tukiache. Nimeuliza habari za sahani yako.

Rudi Pangani
Nimesoma habari ya yule bibi nikashindwa kunyamaza. Nilifanya kazi za ndani Muscat kwa miaka miwili. Ramadhani ya kwanza nilikuwa nimefunga kama wenye nyumba, lakini tangu saa nane mchana nilikuwa mbele ya jiko nikikaanga sambusa, nikisonga harisi na kuchoma kaimati, ambazo wao huziita luqaimat. Adhana ilipolia wao walikaa, mimi nikawa nawapitishia maji. Nilifuturu kwa tende moja niliyoificha mfukoni mwa aproni, kisha nikasubiri sahani zirudi, maana chakula changu kilikuwa kile kitakachobaki. Siku moja wageni walizidi na sahani zikarudi tupu, nikakaa sakafuni nikakwangua sufuria ya harisi kwa mwiko. Bibi wa nyumba ile, ambaye alizaliwa Unguja na Kiswahili hakijamtoka, aliingia kutafuta maji ya kumezea dawa akanikuta. Aliniuliza, "Mwanangu, tangu lini unakula hivi?" Sikuweza kumjibu. Akajishusha taratibu, na magoti yake mabovu, akakaa nami pale chini, akamwita mwanawe aje atutazame. Tangu usiku ule nilikula ubavuni mwake. Mama mwenye nyumba akaacha kunisemesha, na pasipoti yangu ikaendelea kukaa kabatini mwake.

Kinyozi wa Tandika
Subhanallah. Mishahara yako walikulipa yote?

Ami wa Madrasa
Iko hadithi katika Bukhari kwamba mtumishi akikuletea chakula, usipomkalisha ule naye, basi mpe japo tonge moja au mawili, kwa kuwa ndiye aliyelivumilia joto lake. Dada, wasamehe.

Chuma cha Moto
Asiwasamehe, adai haki yake. Au angalau chumvi ya zile sambusa ingeongezwa mara tatu.

Parokiani
Isaya 58 yasema hayo hayo, kwamba mfungo ni kumgawia mwenye njaa mkate wako. Nami Ijumaa za Kwaresima naacha nyama, kisha naagiza kamba wa bei kuliko nyama yenyewe. Ila kabla hatujawasema wa Muscat, dada zetu wa kazi hapa Dar hula chakula chao wapi?

Ami wa Madrasa
Wangu hula jikoni kwa hiari yake.

Parokiani
Umepata kumwuliza, Ami?

Rudi Pangani
Miezi miwili ya mwisho sikulipwa. Bibi yule ndiye aliyeninunulia tiketi, na nilipoaga alinipa mwiko ule ule.

Mama Wawili
Leo nimerudi Buguruni na ile 500. Bibi ameikataa, akasema kama inaniwasha ninunue fungu lingine. Nimenunua kwa bei aliyoitaja, na sasa nina magimbi ya kulisha mtaa.

Kinyozi wa Tandika
Mtaa upo tayari. Tuelekeze nyumba.