Mayai ya "kienyeji" mjini: mnatupiga mchana kweupe

Wakuu, salamu baadaye, kwanza nitoe povu.

Hivi hao kuku ambao mayai yao ya "kienyeji" yamejaa kila genge la Dar wanafugwa wapi? Kuku wa kienyeji tunamjua. Anataga kumi, kumi na mbili, akijitahidi sana kumi na tano, kisha anaatamia, analea vifaranga wake, ndipo aanze tena. Kwa mwaka mzima hafiki hata robo ya kuku wa kisasa, ambaye anakaribia mayai 300. Na wengi wako huko mikoani, kama Singida na Dodoma, mayai yao yanakuja mjini kwa safari ndefu ya joto na mashimo. Sasa nielezwe: matrei yamepangwa hadi kiunoni, kila asubuhi, mayai yote yamelingana kama yamepigwa chapa. Mtetea gani huyo?

Mengine ni ya chotara, yaani kuku wa mchanganyiko kama Sasso na Kuroiler. Sina ugomvi na chotara, ni kuku mzuri, ila sema ni chotara na uuze kwa bei ya chotara. Mengine ni ya kisasa yaliyoogeshwa ili yafanane na ya kienyeji. Rangi ya kahawia ya yai la kisasa iko juu juu tu, kuku anaimalizia karibu na kutaga. Siki au ndimu na kitambaa vinaitoa. Yai linabaki limepauka, ukilishika linakwaruza kama chaki.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, wala si kwenye hela. Yai likitagwa linakuwa na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda. Ukilisugua, utando umeondoka, vijidudu vimepata njia. Halafu unalianika barazani kwenye joto hili, halafu unamuuzia mama mjamzito kwa bei ya juu. Yaani anaongeza hela ili apewe yai lililoharibiwa!

Nilipombana muuzaji mmoja akapasua yai mbele yangu: "Kaka, ona kiini, njano kabisa!" Kwa hiyo? Kiini kinafuata chakula. Mlishe kuku mahindi meupe kiini kitapauka, mpe mahindi ya njano na majani kitakolea, na viwanda vya chakula cha mifugo vina viongeza rangi vya kazi hiyo hiyo. Hata kuku ambaye hajawahi kukanyaga ardhi anatoa kiini cha njano. Wale wanaotumbukiza yai kwenye maji wajue kama ni la kienyeji nao: likilala chini ni la karibuni, likisimama limekaa, likielea achana nalo. Hicho ni kipimo cha umri, hakikwambii mama yake nani.

Tupige hesabu. Mangi wa kwetu la kisasa 400, la "kienyeji" 700. La kisasa lina kama gramu 60 na ganda lake, kienyeji halisi dogo kama gramu 40. Kwa uzito unalipia zaidi ya mara mbili na nusu. Protini? La kisasa linakupa gramu 6 hivi, lile dogo 4 na kidogo. Ni kweli kuku anayezurura juani akila majani na wadudu anaweza kukupa vitamini D na omega-3 zaidi, sibishi. Lakini ndiyo uwe na hakika alizurura. Mwenye watoto wanne na bajeti ya kubana, nunua ya kisasa yaliyo safi, yasiyooshwa, kwenye duka linalouza haraka, na uwape na kiini. Wanaotupa kiini wakala ute tu wanatupa karibu nusu ya protini na vitamini A na D zote.

Kuna mtu atakuja hapa kuniambia "nenda supamaketi". Nimeenda. Boksi zuri, picha ya kuku kwenye nyasi, neno kienyeji kwa herufi kubwa. Tarehe ya kutaga hakuna. Uzito hakuna. Shamba liko wapi, hakuna. Umoja wa Ulaya tangu 2004 yai lenyewe linagongwa muhuri: 0 la kilimo hai, 1 kuku anayeachiwa nje, 2 wa bandani bila kizimba, 3 wa kizimbani, na nchi lilikotoka. Sisi hatuhitaji hata muhuri kwa kuanzia. Kalamu ya maka na kipande cha karatasi kwenye trei: aina, tarehe, kijiji. Sheria ya Ushindani ya 2003 tayari inakataza kumpotosha mnunuzi, kwa hiyo msijifanye mnatufanyia hisani.

Mfugaji wa Chanika, Kibaha au Mkuranga anayeandika tarehe ya kutaga aweke namba ya duka lake hapa, bei tutaelewana. Wenye ndimu zenu msinifuate inboksi.