Nyie wa "gemu imekufa", hivi hamchoki?

Wakuu salamu baadaye, leo nimevurugwa.

Jana usiku nimeingia Old School RuneScape, ile gemu ya mtandaoni, nikapita Lumbridge, mji wanaoanzia wageni, mara moja kuchukua vitu vyangu benki, pale kwenye banda la kuku nikamkuta dogo mgeni kabisa, nguo zile zile za kuanzia, kaupanga ka shaba mkononi, anakimbizana na kuku. Akaandika kwenye chati "samahani hii nyama naipikia wapi". Swali la kawaida tu, kila mmoja wetu humu alishawahi kuuliza hivyo hivyo. Pembeni kuna jamaa kasimama kavaa lile joho la watu wenye levo 99, ya juu kabisa, kila fani, yaani kamaliza kila kitu, akamjibu "usijisumbue dogo gemu imekufa, futa tu". Mwingine akadakia na kicheko. Mi nikawahi benki juu ya kasri nimletee dogo upanga wa maana na samaki kadhaa, kurudi hayupo. Manyoya tu yamebaki chini.

Sasa jamaa wa joho, najua unapita humu, hebu nieleweshe. Fani moja kufika 99 ni xp (pointi za uzoefu) 13,034,431 na sote tunajua ukigusa levo 92 ndo kwanza uko katikati ya safari. Umefanya hivyo fani zote, umekata miti na kuvua samaki mpaka macho yakauka, na jana saa nane za usiku bado ulikuwa mle mle. Msiba gani huu unahudhuria kila siku na maiti hamuiziki?

Na huu wimbo wala si mpya. RuneScape ya awali imeanza Januari 2001, mwishoni mwa 2007 watengenezaji wakaondoa wachezaji kupigana wao kwa wao kule Wilderness, eneo la hatari, Januari 2008 wakabana biashara kati ya wachezaji, sababu walisema ni wale wauza dhahabu ya gemu kwa hela halisi na malipo ya kadi za wizi, watu wakajazana mjini kuandamana ndani ya gemu yenyewe, "imekufa". Ikapita miaka mitatu, kura zaidi ya milioni moja zikapigwa, Februari 2011 vyote vikarudishwa. Novemba 2012 wakabadilisha mfumo mzima wa kupigana, hapo sikatai, hata mi niliondoka, ilikuwa kama mtu kaingia kwako ukiwa safarini akahamisha vitanda vyote. "Imekufa" tena. Februari 2013 wakafufua nakala waliyokuwa wameihifadhi toka Agosti 2007, baada ya kura karibu 450,000, na ndo hii tunayocheza leo. Nayo mkaizika mapema tu! Mnakumbuka ile miaka miwili ya mwanzo, Grand Exchange, lile soko kuu la kuuziana vitu, hamna, unasimama benki unapiga kelele nauza kamba nauza kamba mpaka unasinzia, kila mtu anasema hii haifiki mwaka. Mwanzoni mwa 2015 Grand Exchange ikarudi na wanaocheza bila kulipia wakaruhusiwa, Oktoba 2018 ikaingia kwenye simu, na 2025 imevuka watu 200,000 mtandaoni kwa wakati mmoja. Mwaka wa ishirini na kitu huo. Maiti yenu ina afya kuliko magemu mengi yaliyozaliwa juzi.

(Kabla hamjaja na hoja ya boti, yaani programu zinazocheza zenyewe, ndio najua, humo ndani kuna boti kibao na zinahesabiwa. Ila boti haziulizi nyama inapikwa wapi.)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kulalamika kunafanya kazi kwenye hii gemu, tena kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Biashara huru ilirudi kwa kelele, hii Old School yenyewe ni kelele, na toka imeanza kitu kipya kikubwa hakiingii mpaka kipigiwe kura, mwanzoni kilitakiwa kipate 75% la sivyo kinatupwa. Kwa hiyo kama kuna kitu kinakukera kiseme, sema hii apdeti imeharibu bei, sema boti zimejaa sehemu fulani, weka skrinshoti, piga kura ya hapana. Hiyo ni hasira yenye kazi. "Imekufa" inamsaidia nani? Watengenezaji hawawezi kurekebisha "imekufa". Anayeisikia ni dogo wa kuku peke yake, na yeye ndo ameamini.

Mtu kuchoka na kupumzika sina neno naye, mi mwenyewe orodha yangu ya marafiki ina majina 87, jana nimehesabu, mekundu (hawapo mtandaoni) 85, ya kijani mawili na moja kati ya hayo ni akaunti yangu ya pili. Wale wamekua, wana kazi, wana watoto, wengine wanarudi zikifunguliwa Leagues, yale mashindano ya muda, wanacheza wiki kadhaa kama wendawazimu wanapotea tena, karibuni sana wakati wowote. Wao hawakumtukana mtu mlangoni wakati wanatoka. Nyie hamtoki, hamchezi kwa amani na hamtaki mwingine aingie, halafu seva ikipungua watu mnakuja hapa na grafu kusema "tuliwaambia".

Mods (wasimamizi) naomba uzi huu usiunganishwe na ule mwingine wa vilio.

Na dogo, kama umebahatika kufika humu: jiko liko chini kwenye kasri, kwa yule mpishi, ila mmalizie kwanza ile kazi yake ya Cook's Assistant ndo akuruhusu kulitumia, huhitaji kuwasha moto. Kuku wa kwanza kwanza wataungua, usijali, ni levo tu. Kesho usiku niko pale bandani seva 301, upanga wako ninao.