Makato ya lazima yamenishusha chini ya theluthi ya mshahara. Mkopo niulipeje?

Mlipakodi_Kimya
Wadau, naomba ushauri, hasa wa walio kwenye ofisi za mishahara hapa Kenya. Mshahara wangu kabla ya makato ni 60,000, haujaongezeka tangu 2022. Mwaka huo nilikopa Sacco (chama cha akiba na mikopo) na benki, marejesho 25,500 kwa mwezi. Wakati huo NSSF (akiba ya uzeeni) ilikuwa 200, NHIF (bima ya afya ya zamani) 1,300, PAYE (kodi ya mapato) kama 10,130. Nilibaki na karibu 22,900, na nyumbani tulijipanga na hizo.

Sasa NSSF ni 3,600, SHIF (bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF) 1,650, ushuru wa nyumba 900. Yaani 1,500 imekuwa 6,150. PAYE imeshuka kidogo, lakini mkononi inafika kama 19,800. Mhasibu ameniambia niko chini ya theluthi, kwa hiyo marejesho ya Sacco yatapunguzwa.

Kinachoniuma ni hiki. Deni nililitia sahihi mwenyewe, nikatafuta wadhamini, nikajua kila shilingi inakoenda. Haya mengine hakuna aliyeniuliza kama yataenea kwenye mshahara uliokwisha kugawanywa. Serikali inachukua yake kwanza, kisha nikichelewa, jina linalopelekwa CRB, wanaotunza rekodi za wakopaji, ni langu. Nifanyeje?

Hesabu_za_Mwezi
Ndugu, mimi hushughulikia mishahara. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamzuia mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili. Deni hakilifuti. Kiasi ambacho mwajiri ameacha kukata bado unadaiwa, na Sacco itakihesabu kama malimbikizo. Iandikie Sacco barua sasa, kabla marejesho hayajaanza kupungua, uambatanishe hati ya mshahara ya 2022 na ya sasa, uombe muda wa mkopo urefushwe. Utalipa riba zaidi kwa jumla, lakini rekodi yako itabaki safi.

Na hakikisha PAYE yako iko sawa. Tangu mwisho wa Desemba 2024, SHIF na ushuru wa nyumba vinaondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, kama NSSF. Kwa mshahara wako, kila 100 inayokatwa huko inapunguza PAYE kwa 30. Nimeona waajiri wadogo ambao bado wanatumia hesabu ya zamani.

Nyanya_wa_Watatu
Mwanangu, pole. Ila NSSF usiiweke kapu moja na ushuru wa nyumba. Ile 3,600 mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo, na ni akiba yako. Mimi nilistaafu wakati wa zile 200 na najua kilichonifikia.

Mlipakodi_Kimya
Shukrani, mama, nimekuelewa, NSSF siipingi. Ushuru wa nyumba ndio sioni haki yake: Mahakama Kuu iliubatilisha Novemba 2023, Machi 2024 ukarudi kwa sheria mpya, na kulipa hakunipi nyumba. Wanapopitisha makato kama haya, wangeilazimisha benki pia kurefusha mikopo ya zamani bila faini. Mkopaji peke yake ndiye anayeambiwa ajipange upya.

PAYE nimeipiga hesabu, iko sawa. Barua naiandika leo.

Mdhamini_Mwema
Wapigie wadhamini wako kabla ya kuipeleka. Mimi nilijua shida ya mwenzangu niliyemdhamini siku akiba yangu iliposhikwa kwa deni lake, na angeniambia mapema tungeenda Sacco pamoja.